Nimepona, Naogopa Kusema

Shangazi mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie, na naomba usinicheke kabla hujafika mwisho, kwa sababu najua wanaokuandikia wana waume waliotoroka na wakwe wasiosemeka, na mimi shida yangu ni kwamba nimepona, nimepona kabisa, nakula nashiba, mtoto akilala na mimi nalala, naimba kwenye cherehani mpaka wateja wananiuliza kulikoni, na tangu nipone nimekuwa mwongo wa kutupwa na sijui nitatokaje.

Mimi ni fundi wa nguo, nashona zaidi sare za shule, na mwaka huu nimejaliwa binti, mtoto wangu wa kwanza, na alipozaliwa kila mtu alifurahi isipokuwa mimi, yaani nilikuwa namtazama kama mgeni aliyeachwa kwangu na wenyewe wamechelewa kuja kumchukua. Nilimnyonyesha, nilimwogesha, nguo zake zilikuwa safi kuliko zangu, lakini yale mapenzi ambayo kila mtu aliniambia yatakuja yenyewe hayakuja, na badala yake nikawa nalia nikipiga mswaki, nalia nikianika nguo, nikilala naamka nimechoka kuliko nilivyolala, na niliporudi kazini nilimshonea mtoto wa watu shati lenye mikono miwili ya kushoto, mama yake akalirudisha akidhani ni utani. Mama mkwe alisema wao walizaa na jioni wakaingia jikoni, huo ugonjwa umeanza lini, nijikaze kisabuni. Nikajikaza, Shangazi, nikajikaza mpaka sabuni yenyewe ikaisha.

Aliyeniokoa ni mume wangu, ambaye ni fundi wa majokofu na si mtu wa maneno mengi. Siku moja alinikuta nimesimama mbele ya sinki, bomba liko wazi, mikono yangu mikavu, na sikumbuki nilikuwa nimesimama pale kwa muda gani, akafunga bomba akaniambia, "Mke wangu, jokofu likiacha kupoza sijawahi kulikaripia. Nalifungua nione ndani kuna nini. Twende kliniki."

Kliniki tulimkuta muuguzi ambaye sote tunamwita Sista, mwanamke mnene wa sauti ndogo, akaniuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza, kisha akasema sina wazimu wala sina moyo mbaya, nina sonona, ile inayowapata baadhi ya wanawake baada ya kujifungua, na kwamba inatibika, akaniingiza kwenye kikundi cha akina mama wenzangu kinachokutana alasiri moja kila wiki katika chumba cha chanjo, siku ambayo hakuna chanjo. Chumba chenyewe ni kidogo, kina mizani ya kuning'iniza watoto, jokofu la dawa linalonguruma, picha ukutani ya mama anayenyonyesha huku anatabasamu ambayo sote tulikuwa tunaichukia, na viti vya plastiki vilivyopangwa duara.

Na humo ndani kuna utaratibu wa Sista ambao mwanzoni niliuona kituko. Ukiingia unamkabidhi mwanao kwa jirani wa kulia, unapokea wa jirani wa kushoto, na mazungumzo yote unayafanya ukiwa umembeba mtoto wa mwenzako. Sista anasema mtoto wa mwenzako humwogopi, hakudai mapenzi, unambeba tu, na muda huohuo kuna mtu amembeba wako anamsifia vidole. Ruhusa kusema lolote, marufuku kumwambia mtu ashukuru kwa kuwa kuna wasiojaliwa, na ukilia hakuna anayekufuta machozi mpaka uombe kitambaa mwenyewe. Mwishoni Sista anamuuliza kila mmoja swali lilelile, "Leo ulipata hamu na mwanao?" Unajibu ndiyo au hapana, na hakuna anayekukunjia uso. Mwanzoni nilijibu hapana kila wiki na ilikuwa kweli tupu, nilikuwa namkabidhi binti yangu kama mtu anayetua gunia. Wanaojibu ndiyo wiki baada ya wiki Sista hukaa nao faragha, akawauliza usingizi wao, chakula chao, mawazo yao, akiridhika tunawaaga kwa makofi na kiti anapewa mwingine, kwa kuwa viti haviongezwi, Sista anasema tukizidi kuna atakayerudi nyumbani hajapata nafasi ya kufungua mdomo.

Usidhani tulikuwa tunalia tu. Kuna mwenzetu tunamwita Mama Pacha, ambaye mmoja humkabidhi jirani na wa pili Sista, na kulikuwa na mwingine tunayemwita Mwalimu, anafundisha hesabu sekondari. Siku moja mvua ilianza wakati kikao kinakaribia kuisha, kila mtu akakurupuka kumfunika mtoto aliye karibu, na blanketi zote zinafanana kwa kuwa ni za kliniki. Mwalimu akatoka na mwavuli wake, Mama Pacha akabaki anafunga mmoja mgongoni na mwingine kifuani, mara tukamwona Mwalimu anarudi mbio, mwavuli umepinduka, kiatu kimoja kimebaki kwenye tope, anasema huyu si wangu, nipeni wangu. Mama Pacha akageuza shingo, akamchungulia wa mgongoni, akasema taratibu, "Mimi nimehesabu wawili nikajua niko sawa." Tulicheka mpaka mlinzi wa geti akaja kuuliza kuna nini. Lakini Sista hakucheka, alimsogelea Mwalimu akamuuliza amejuaje si wake, na Mwalimu, ambaye kila wiki alikuwa akisema mwanawe angeweza kuwa wa mtu yeyote yule, akasema, "Wangu nikimweka begani hunigeuzia uso shingoni. Huyu ameangalia upande wa pili." Kisha akasikia alichokisema, akaketi palepale sakafuni, akamkumbatia mwanawe analia na kucheka kwa pamoja, na sisi tukafuata. Haikupita muda tukamuaga kwa makofi, na siku hizi nikikutana naye barabarani tunapungiana mikono tu, kila mtu na haraka zake.

Yangu ilikuja kimyakimya. Binti yangu alikuwa kwa Mama Pacha upande wa pili wa duara, mimi nimembeba mtoto wa keshia mmoja, na Mama Pacha akawa anampulizia binti yangu tumboni kama anavyowafanyia wake, mara binti yangu akacheka. Kutabasamu alikuwa anatabasamu, Shangazi, lakini kicheko chenye sauti hicho kilikuwa cha kwanza, na kila mtu akashangilia, na mimi nikaona wivu, wivu wa kweli, ule wa kumwona mumeo anachekeshwa na jirani. Nilimtaka mtoto wangu. Nilimtaka palepale, nikawa sisikii hata keshia anasema nini. Swali lilipofika kwangu nilifungua mdomo niseme ndiyo, nikamtazama Mama Pacha, nikavitazama viti, nikaitazama hata ile picha ya mama anayetabasamu, nikasema hapana.

Tangu hapo hiyo ndiyo kazi yangu. Siku ya kikao natoka dukani kwangu uso unang'aa, nikifika kona ya duka la dawa navua hereni, nashusha kilemba mpaka kwenye nyusi, najitazama kwenye kioo cha dirisha lao nikiutafuta uso wa huzuni, na juzi mwenye duka alitoka akaniuliza kwa upole kama ni jino la juu au la chini. Nyumbani nako ni yaleyale, mume wangu siku hiyo hufunga kazi mapema ili apike, anapika vibaya lakini kwa moyo wote, na mama mkwe, yuleyule wa kisabuni, alinisindikiza mara moja tu, Sista akampa mtoto wa mtu ampakate, sasa anawatangazia majirani kwamba mkwe wake ana kikao muhimu asisumbuliwe. Wakiniuliza Sista anasemaje nawajibu bado kidogo. Na wiki hizi mbaya zaidi ni kwamba nikiwa nasema hapana, binti yangu ananitazama kutoka mikononi mwa mtu mwingine na ananinyooshea mikono, na hilo linanichoma kuliko ninavyoweza kueleza.

Pengine ningeendelea hivyo mpaka aanze shule, lakini sasa kuna dada mmoja. Amekuwa anakaa kwenye benchi nje ya mlango wetu akisubiri kiti, mtoto wake amepigwa pasi mpaka soksi na yeye mwenyewe amevaa sweta ndani nje, na nilipomwona tu nilimjua, maana nilikuwa yeye. Sista huzungumza naye peke yake baada ya kikao, lakini kiti hakuna, na najua viti vyote vinakaliwa na wanaougua isipokuwa kimoja. Wiki iliyopita nilitoka kwenda msalani nikamsalimu, akaniuliza tunafanya nini humo ndani maana tunacheka sana. Nikamwambia tunazungumza tu. Akasema, "Mimi nikiwasikia mnacheka najua hapa si mahali pangu." Kikao kilipoisha hakuwepo kwenye benchi. Sista alitoka kumtafuta mpaka getini akarudi peke yake, na mimi niliyeujua ukweli nilimfunga binti yangu mgongoni nikaenda zangu nyumbani.

Shangazi, nikisema nimepona nitawapoteza watu walionijua wakati mimi mwenyewe sijijui, na tena naogopa, naogopa kwamba uzima huu ni wa mle chumbani, kwamba nikitoka utabaki kulekule na mimi nitarudi kusimama mbele ya sinki. Nikinyamaza, yule dada atakosa nafasi kwa sababu yangu, na sijui hata kama atarudi. Namwonea aibu Sista, namwonea aibu mume wangu, na naona aibu zaidi kuwa na furaha kiasi hiki. Namba yangu nimeiandika nyuma ya bahasha. Nifanye nini?

Ni mimi, fundi wa sare.

*

Marahaba, mwanangu fundi. Nimecheka kabla ya mwisho, nisamehe, ni Mama Pacha na hesabu zake. Halafu nikafika kwenye benchi nikaacha kucheka.

Tangu nianze ukurasa huu nimepokea barua za wanaoficha wapenzi, wanaoficha mishahara, mmoja alikuwa anaficha mbuzi kwenye nyumba ya kupanga. Wewe ni wa kwanza kuniandikia kwamba unaficha furaha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Juu ya mficha uzima hawakusema kitu, nadhani hawakutegemea kwamba siku moja utazaliwa.

Kwanza hongera, na hongera yangu si ya mdomoni. Huo ugonjwa si mchezo, na wapo wanaoishi nao miaka wakiambiwa wajikaze. Wewe ulikwenda, ukakaa, ukasema mbele za watu yale ambayo mama haruhusiwi hata kuyafikiri, na ukapona. Mpe mumeo salamu zangu. Mwambie Shangazi amesema wanaume wote wakifikiri kama mafundi wa majokofu, yeye atafunga ukurasa huu akalime.

Sasa kaa vizuri nikuseme.

Unasema unaogopa uzima wako ni wa mle chumbani. Hebu isome tena barua yako. Unaimba kwenye cherehani. Je, Sista yuko pale anakushikia kitambaa? Unalala mtoto akilala. Je, Mama Pacha anakuja kukufunika shuka? Uzima unao dukani na unao nyumbani, mahali pekee unapouvua ni mle chumbani, pamoja na hereni. Kitu ulicho nacho kila mahali isipokuwa mle hakiwezi kuwa cha mle. Chumba kilikusaidia sana, lakini uliyepona ni wewe.

Hata hivyo hofu yako si ya kipuuzi, na sitaki mtu anisome vibaya hapa. Huzuni ya aina hiyo inaweza kurudi, hasa ukizaa tena au mambo yakikuelemea. Lakini tazama ulivyojilinda. Mtu mmoja ambaye kazi yake ni kukutazama usoni na kujua kama umeanza kuteleza, umemfundisha kwamba uso wako wa uzima ndio uso wako wa ugonjwa. Siku ukiteleza kweli ukamwambia hapana, atajuaje? Umeweka jiwe kwenye mizani yake halafu unategemea akupimie sawasawa. Liondoe hilo jiwe haraka, kwa faida yako kabla ya faida ya mtu mwingine yeyote.

Halafu hili la wenzako. Nani alikuambia urafiki ni mali ya kliniki, kwamba ukitoka unaukabidhi getini? Una duka lenye mlango na bila shaka lina hata kigoda. Mama Pacha ana miguu, keshia ana siku yake ya mapumziko. Waite, waje na watoto wao, wakae juu ya marobota yako ya vitambaa, mcheke mpaka mlinzi wa mtaa mzima aje kuuliza kuna nini. Na huyo Mwalimu unayelalamika kwamba mnapungiana mikono tu, mara ya mwisho ulivuka barabara kumfuata ilikuwa lini? Nina hakika anapita njia hiyo akijiambia kwamba nyinyi mliobaki hamtaki kumwona aliyepona. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, ndiyo, lakini hakuna aliyesema dhiki ikiisha mfukuze.

Na nikunong'oneze kitu. Unaniambia viti vyote vinakaliwa na wanaougua isipokuwa kimoja. Una uhakika? Mimi mtu anayempulizia tumbo mtoto wa mwenzake mpaka acheke kicheko cha kwanza maishani, zile hapana zake nazitilia shaka. Usishangae ukisimama wewe, akasimama na mwingine.

Nije kwa binti yako. Anakunyooshea mikono, na wewe, ukiwa unamtaka mpaka masikio hayasikii, unatangaza mbele ya watu kwamba huna hamu naye. Najua hajui maana ya neno hapana. Wewe unaijua, mwanangu. Ulipolisema ukiwa mgonjwa lilikuwa neno la kishujaa, maana lilikuwa la kweli na lilikugharimu. Sasa hivi ni uchoyo uliojifunika blanketi la kliniki. Mwombe radhi ukimaliza kusoma, mbusu, yaishe, watoto wa umri huo hawaweki kinyongo.

Na yule dada. Hukumnyima nafasi kwa ubaya, nalijua hilo, lakini ameikosa, na mikononi mwako ulikuwa na neno moja tu la kumpa. Alikuuliza mnafanya nini humo ndani. Kati ya watu wote kwenye korido ile, wewe ndiye uliyeweza kumwambia kwamba uliingia mle huwezi hata kumtazama mwanao, na kwamba wanaocheka wote walianza kwa kulia. Badala yake ulimwambia mnazungumza tu. Hapo ndipo nilipokukasirikia, nikaweka barua mezani nikazunguka chumba kizima kabla ya kuendelea.

Ndiyo maana sikuingoja Jumamosi, siku ya ukurasa huu. Wasomaji wangu, huyu nilimpigia simu siku ileile barua ilipofika, kwa sababu gazeti lina siku yake na mama aliyekata tamaa hana. Niliyomwambia kwa simu nayarudia hapa, ili akilegea aibu imshike mbele yenu nyote.

Fundi, usingoje siku ya kikao. Kesho asubuhi funga duka, beba binti yako, nenda kliniki ukamsubiri Sista kwenye korido, umwambie yote, kuanzia kicheko cha kwanza mpaka duka la dawa. Usianze na maelezo ya kwa nini. Anza na kwamba umepona na kiti kiko wazi. Atakutazama, pengine atakuwa mkali kidogo, halafu nadhani atacheka, maana wauguzi wameona makubwa kuliko wewe. Kabla hata hujamaliza kujieleza mwombe ampigie simu yule dada. Namba yake haitakosekana kliniki. Asipopokea, Sista anajua njia za kumfikia, na akikwambia muende pamoja, nenda. Asipotaka uende, usijitie kimbelembele, mambo ya mgonjwa ni ya mgonjwa.

Kisha umwombe kazi. Usiombe kiti, omba benchi. Mwambie unataka siku za kikao uwe unakaa pale nje na wale wanaosubiri, usiwape ushauri, usiwahubirie, uwabebee watoto tu na kuwajibu wakiuliza. Kwa nini mtu aanze kusaidiwa akishavuka mlango, wakati kusubiri nako kunaumiza? Sista akikubali, mchukue na mama mkwe wako. Nimempenda huyo mama. Mtu aliyekuwa anauza sabuni ya kujikazia na sasa anakutangazia vikao ana nguvu ambayo haipaswi kuishia kwa majirani, na mikono yake inajua kupakata kuliko yako na yangu.

Mumeo mwambie leo jioni, akiwa anapika, mpokonye na mwiko. Mwambie umepona na umemficha kwa sababu ulipenda jinsi alivyokuwa anakupenda siku za kikao. Mwanamume asiyekaripia jokofu hatakukaripia wewe kwa hilo. Na mkubaliane, nyinyi wawili na Sista, juu ya dalili ambazo mkiziona hamtangoja: usingizi ukikimbia hata mtoto akiwa amelala, chakula kikikosa ladha, machozi yasiyo na sababu yakirudi, ukianza tena kumwona binti yako ni wa wenyewe. Yeye akiziona kabla yako, umruhusu kukuambia bila kumwita mchawi. Dalili zikirudi na wewe unarudi, kichwa juu, hakuna atakayekwambia uliwahi kupigiwa makofi kwa hiyo huna haki.

Kwa simu ulisema utakwenda, nikamsikia binti yako nyuma yako anapiga kelele za furaha, ukasema tena kwamba utakwenda. Nimekuamini ile ya pili.

Nabaki na mtu mmoja wa kusema naye. Wewe dada uliyekuwa unasubiri ukaondoka, mpaka naandika haya sijui kama umepatikana. Huenda gazeti hili limekufikia likiwa limefungia kitu cha dukani, huenda umesomewa na mtu. Kama ni wewe, au kama wewe ni mwingine lakini umejiona hapa, nisikilize. Huna moyo mbaya. Unaumwa, na unachoumwa kina dawa na kina watu. Kichwa kikianza kukwambia mambo ya kutisha juu yako au juu ya mtoto, usingoje kikundi wala siku ya kikundi, mwite mtu wa karibu akupeleke hospitali leo, mlango wowote ulio wazi. Kama bado unaweza kungoja, basi ngojea palepale ulipokuwa. Usisubiri upate nafuu kwanza ndipo uende, wala usijilazimishe kutabasamu ukifika. Kuna mwanamke atakuwa ameketi nje ya ule mlango, atakusogelea, atakuomba umpe mwanao akubebee kidogo.

Mpe.

Shangazi